Wino wa Kijani wa Mzee Roshanali

Mara ya kwanza Mzee Roshanali Ladha kuingia dukani kwangu alitaka kopi za rangi kwa bei ya kopi nyeusi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa kwenye uchapaji hapa Agincourt, kitongoji cha Toronto, kadi za harusi, mabango ya majlisi, menyu, vitabu vya risiti, na nilidhani nimeshaombwa kila aina ya punguzo. Akaweka kwenye kaunta karatasi kama arobaini, akazipigapiga kingo mpaka zikalingana, akasema:

"Baba, mashine ni hiyo hiyo, karatasi ni hiyo hiyo. Tofauti iko wapi?"

"Iko kwenye wino, mzee wangu. Kopi ya rangi inakula wino wa rangi nne."

"Mimi nimeandika kwa rangi tatu. Ya nne usinihesabie."

Hapo akanichekesha, na mimi si mtu wa kuchekeshwa kwenye bei. Nikazichukua karatasi nione kaniletea nini. Ziliandikwa kwa mkono, Kiswahili kilichonyooka, herufi ndogo za mtu aliyezoea kubana nafasi. Mistari mingi ilikuwa nyeusi, michache ya buluu, na mara nyingi mwishoni kabisa mwa ukurasa palikuwa na mstari mmoja au miwili ya kijani.

"Kwa nini usiandike kwa rangi moja ukajiepusha na gharama?"

"Nyeusi ni niliyoyasoma," akasema. "Buluu ni niliyoyasikia kwa mtu, na jina la mtu huyo liko palepale. Kijani ni niliyoyaona kwa macho yangu. Ukinitolea yote nyeusi utakuwa umenichanganyia mchele na chuya."

"Na ni habari za nini?"

"Za wanyama."

Nikamtazama vizuri. Mzee wa miaka sabini na nane, fimbo mkononi kwa sababu ya magoti, theluji inamyeyukia mabegani, kapanda mabasi mawili kutoka Thorncliffe Park kuja kunakili habari za wanyama. Nikampa bei ya katikati. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mtu wa namna hii hurudi.

Alirudi. Mwaka ule wote alirudi kila baada ya wiki mbili tatu, na mashine ikiwa inafanya kazi yake alikaa kwenye kiti cha dirishani akazungumza na Shafina, anayenipangia kurasa kwenye kompyuta, ambaye watu wake ni wa Mwanza. Mimi nilisikiliza nikijifanya nahesabu bahasha. Ndivyo nilivyomjua.

Alizaliwa Singida, kwa baba muuza vitambaa na mafuta ya taa. Alipofikisha miaka kumi na tisa alipelekwa Mto wa Mbu kumsaidia mjomba wake dukani, na huko ndiko alikowaona wanyama. Hakuwaona kama watalii wanavyowaona. Aliwaona kama majirani wabaya: nyani aliyeiba gunia la sukari, fisi waliokula ngozi ya viatu barazani, tembo walioshuka kunywa maji na kuvunja uzio njiani. Kiarabu alifunzwa na shekhe mmoja wa Arusha, na kilichobaki alikitafuta mwenyewe kwenye makamusi. Mwaka 1975 yeye na mkewe Parin wakahamia Toronto, na kwa miaka ishirini na saba akafanya kazi uwanja wa ndege, sehemu ya mizigo, upande wa wanyama hai.

"Farasi wa mbio, mbwa wa mabalozi, mijusi, na siku moja duma wawili wa kwenda bustani ya wanyama," alimwambia Shafina. "Kazi yangu ilikuwa kuchungulia kwenye kreti. Anapumua? Ana maji? Natia sahihi. Bibi yenu Parin, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nimekuja Kanada kuwasalimia wanyama wa watu."

Siku zake za mapumziko alizimalizia maktaba. Alikuwa anafuatilia jambo moja tu, na kwa mtu kama mimi lilikuwa jambo la kushangaza. Wanachuoni wa zamani, wa Baghdad, wa Misri, wa Ulaya, waliandika vitabu vinene juu ya wanyama, na wengi wao hawakuwahi kumwona hata robo ya wanyama waliowaandika. Waliwategemea waliowatangulia. Huyu kamnakili yule, yule kanakili tafsiri, tafsiri imetoka kwa Mgiriki, na Mgiriki kasikia kwa wawindaji. Mzee Roshanali alishika neno moja, tuseme kwamba twiga ni mtoto wa ngamia na mnyama mwingine, akalipandisha ngazi hiyo kitabu kwa kitabu mpaka apate mtu wa kwanza aliyelisema, kisha anamwuliza, maana alikuwa akizungumza nao kama wapangaji wenzake: wewe ulimwona?

Siku moja nikamtania. "Kwa hiyo, mzee, unatumia uzee wako kuwahesabu waongo."

Akakasirika. Si sana, lakini alikasirika kwa niaba yao.

"Muongo nani? Ukiandika 'fulani kasema', na fulani kweli kasema, umesema kweli. Wewe hapa unachapa kadi, 'Hyder bin fulani anaoa'. Ulikuwepo Hyder alipozaliwa?"

Shafina akaangua kicheko.

"Nilimwamini mama yake," nikasema.

"Vyema. Nao waliwaamini walimu wao, na wakawataja. Mara nyingine mtu anaandika ukurasa mzima, mwisho anasema, 'na mimi sikubali hili.' Lakini yule anayekuja baada yake ana haraka, ananakili mwanzo, anaacha mwisho. Hapo ndipo inapoharibika."

Nayaandika maneno haya ili ijulikane kwamba niliambiwa mapema, kwa Kiswahili, mchana kweupe.

Alichokitaka Mzee Roshanali kilikuwa kidogo. Kuna madrasa ya Jumamosi inayokodi vyumba katika skuli moja kule Thorncliffe, na kwa miaka mitatu alikuwa akiiomba kamati impe saa moja kila wiki na watoto wakubwa. Alitaka kuwafundisha, kwa njia ya wanyama hao, namna ya kuuliza maneno yametoka wapi. Kila mwaka kamati ilimjibu, tutaangalia. Hakuwa na cheti chochote. "Nimetia sahihi makreti miaka ishirini na saba," aliniambia. "Kabla sijafa nataka nisimame mbele ya watoto mara moja tu waniite mwalimu."

Mwenyekiti wa kamati hiyo ni Mohamedraza, mwenye maduka matatu ya dawa. Na Mohamedraza ndiye mteja wangu mkubwa. Kila mwaka hulipia kalenda elfu moja na mia mbili zenye nyakati za sala, ambazo hugawiwa bure kuanzia mtaa wa Bathurst mpaka mji wa Kitchener. Mwaka huo akaniambia amechoka na picha za misikiti, anataka kitu cha watoto. Mimi nikaona pande mbili za mto na daraja katikati, na daraja ni mimi.

Mzee alipokuja tena nikamtengea chai kabla hajavua koti.

"Mzee wangu, nina biashara na wewe. Wanyama kumi na wawili, miezi kumi na miwili. Niandikie ukurasa mmoja mmoja. Jina lako litakuwa chini ya kila mwezi, na kalenda itaingia nyumbani kwa kila mjumbe wa kamati kabla hawajakaa kikao cha Januari."

"Na mimi natoa nini?"

"Maandishi. Sikulipi, hunilipi."

Akakoroga chai yake muda mrefu. Nilijua amekubali tangu niliposema kamati, lakini mtu mzima haharakishwi.

"Nina sharti moja," akasema. "Majina ya waliosema yasiondolewe. Punguza maneno yangu ukitaka. Waliosema wabaki."

"Hakuna neno."

"Sema tena."

"Mzee, hakuna neno. Waliosema watabaki."

Tukapeana mkono. Baada ya wiki tatu akaleta karatasi kumi na mbili, nyeusi, buluu na kijani, nakala yake ya pekee. Aliniomba nimtolee kopi ya rangi aondoke nayo. Mashine ilikuwa katikati ya oda ya watu, nikamwambia, nitakutolea bure wiki ijayo, usiwe na wasiwasi. Sikumtolea. Hilo peke yake halikuwa ubaya. Lilikuwa uvivu tu. Ubaya ulikuja baadaye na ukaukuta uvivu umeshaufungulia mlango.

Mwanzoni mwa Desemba Mohamedraza akapiga simu. Anataka tangazo la chanjo ya mafua liwe kubwa mara mbili, kila mwezi, chini ya ukurasa. Kwenye kalenda ya namna ile nyakati za sala hazipunguzwi, tarehe hazipunguzwi, picha ya mnyama ndiyo inayomfanya mtoto aifungue. Kilichobaki ni maandishi ya mzee. Shafina alipopima, ukurasa mzima ulikuwa umebaki mistari mitatu.

Ukurasa wa Januari ulikuwa wa tembo. Mzee aliandika hivi, nao nauweka wote:

"Tembo hana magoti, wameandika watawa wa Ulaya, na hulala kwa kuegemea mti, mwindaji akiukata mti, tembo huanguka asiweze kuinuka. Watawa hao walinakili kitabu kidogo kilichotoka Misri kwa lugha ya Kigiriki, na mwenye kitabu hicho hakusema kama alimwona tembo. Lakini Mgiriki mmoja aliyewatangulia wote kwa karne nyingi alikwisha kuandika kwamba si kweli, tembo hukunja miguu. Mjomba wangu Akberali aliniambia kwamba walimkuta tembo amelala chini kwa ubavu shambani kwa jirani. Na mimi nilimwona tembo akipiga magoti penye maji, nje ya Mto wa Mbu, mwaka 1967, saa tisa alasiri. Na Mungu ndiye ajuaye zaidi."

Sentensi ya mjomba ilikuwa ya buluu. Ya alichokiona mwenyewe ilikuwa ya kijani.

"Bosi," Shafina akasema, "mistari mitatu haitoshi hata kuwataja watawa."

"Watawa waondoke kwanza. Kalenda ya nyakati za sala yenye watawa ndani, nitapigiwa simu mpaka Muharram."

"Basi tuweke ya mwisho, aliyoiona yeye."

"Ya mwisho haina utamu. Mtoto anataka ajabu. Chukua mwanzo."

"Mwanzo ni maneno ya watu. Mwisho ndio maneno ya mzee."

"Chukua mwanzo, Shafina. Zote kumi na mbili, chukua mwanzo, toa 'wameandika', toa 'wamesema'. Kesho inaingia mashineni."

Akachukua. Ni mfanyakazi, na mimi ndiye niliyesema. Ikatoka hivi: *Tembo hana magoti. Hulala kwa kuegemea mti, na mti ukikatwa huanguka asiinuke tena. Mzee Roshanali Ladha.* Februari ikawa, *Fisi huwa dume mwaka huu na jike mwaka ujao.* Machi, *Mbuni humeza makaa ya moto bila kuungua.* Kila mwezi na jina lake chini, herufi nzito, kama nilivyoahidi.

Mtu ataniuliza, na wewe hukujua kwamba tembo ana magoti? Mimi nilitolewa Tanga nina miaka tisa. Tembo niliyemjua ni wa kwenye noti ya shilingi elfu kumi. Lakini huo si utetezi, kwa sababu karatasi ya mzee ilikuwa mkononi mwangu na ilinieleza.

Kwa watu wengine wa dunia labda kosa hilo lingepita. Watu wetu ni wa Arusha, wa Moshi, wa Nairobi, wa Mombasa. Kila nyumba ina mjomba aliyefukuzwa na tembo. Kabla Desemba haijaisha simu za watu zilikuwa zimejaa picha ya ukurasa wa Januari, na vicheko vilivyorekodiwa kutoka Kitchener na Mississauga. Nilikuwepo kwenye ukumbi tuliokodi kwa ajili ya hitima fulani, tunavaa viatu. Mzee Roshanali husali akiwa kwenye kiti, magoti hayakunjiki tena. Jamaa mmoja akamwambia kwa sauti ya kusikika:

"Mzee, egemea ukuta vizuri. Ukuta ukiondoka hatuna winchi ya kukuinua."

"Mwacheni," akasema mwingine. "Kumbe habari za tembo anazitoa nyumbani."

Watu wakacheka. Mzee akaendelea kufunga kamba za viatu, polepole, kama hakusikia. Nami nikacheka. Si kwa nguvu. Nilicheka kiasi cha kutoonekana kwamba sicheki.

Jumatatu akaja dukani. Hakugomba. Alikataa kukaa.

"Mujtaba, nipe karatasi zangu."

Zilikuwa kwenye droo ya kaunta, chini ya mkono wangu, ndani ya bahasha ya khaki. Nikasema, "Ziko kwenye mafaili, mzee. Shafina amezipanga mahali. Nitakutafutia."

Shafina alikuwa hatua nne kutoka pale. Hakuinua kichwa.

"Nazihitaji kabla ya kikao," mzee akasema. "Nikiwa nazo sina haja ya kusema neno. Watasoma wenyewe."

"Utazipata."

Sababu yangu nitaisema ilivyo. Mohamedraza alikuwa ameniahidi mkataba wa miaka mitatu: kalenda, mifuko ya dawa, vipeperushi vya maduka yote matatu. Alikuwa amekwisha kuaibika na vicheko, maana nembo ya maduka yake ilikuwa chini ya tembo yule, na alikuwa anatafuta wa kumlaumu. Karatasi zile zikionekana, wa kulaumiwa ni mimi. Zisipoonekana, ni mzee ambaye tangu hapo watu walimwona mtu wa ajabu ajabu. Niliipima kama ninavyopima bei ya karatasi, na nilijua kabisa ninachopima.

Kikao kilikaa Jumapili ya pili ya Januari, mchana, katika darasa moja la skuli ile. Mimi niliitwa kwa ajili ya kalenda. Viti vilikuwa vya watoto. Mzee Roshanali alishindwa kushuka kwenye kiti cha chini namna ile, wakamletea kiti cha mwalimu kutoka mbele, akakaa juu yetu sote mikono kwenye fimbo, amevaa suti. Ilikuwa suti nzuri. Ilikuwa imepigwa pasi na mtu anayejua.

Aliyezungumza ni Bi Nazira, mjumbe wa kamati na mwalimu wa darasa la tano huko Scarborough, mzaliwa wa Mombasa. Alikuwa na kalenda mbele yake.

"Mzee, niwie radhi kwa nitakaloliuliza. Mimi watoto wangu wakiandika hivi nawarudishia karatasi. Haya ni maneno yako?"

"Ni maneno niliyoyanakili. Niliandika zaidi ya hapo."

"Na hayo zaidi yako wapi?"

"Anayo Mujtaba."

Wote wakanigeukia. Mohamedraza alikuwa na mkoba wake magotini, na mkataba ulikuwa ndani ya mkoba, alikuwa ameniambia mlangoni kwamba tutatia sahihi tukimaliza.

"Mujtaba bhai, ndugu yangu," akasema, "mzee alileta zaidi ya haya?"

Nilikuwa na muda wa kutosha. Hakuna aliyenikimbiza. Watu husema ulimi uliteleza, wangu haukuteleza.

"Tulichapa kama alivyoleta," nikasema. "Na karatasi za mkono tukishachapa hatuziweki. Hutupwa."

Mzee Roshanali alinitazama. Nilitegemea hasira, nikawa nimeshajitayarishia majibu ya hasira. Hakunipa hasira. Alimgeukia Bi Nazira, aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao.

"Bibi, hilo umelipokea kwa Mujtaba. Andika hivyo. Usiandike kwamba karatasi hazikuwepo. Andika, 'Mujtaba amesema hazipo.'"

Bi Nazira akaandika.

Wakamwomba atoke nje wazungumze. Hawakuchukua hata dakika kumi. Saa ya Jumamosi akapewa injinia mmoja kijana, afundishe kutengeneza roboti. Mohamedraza alimwendea mzee kwenye korido akamshika mkono na kumwambia, kwa adabu zote, kwamba mwaka ujao Inshallah wataangalia. Mimi nilitia sahihi mkataba kwenye dawati lenye michoro ya watoto. Nilipotoka, mzee alikuwa kituoni anasubiri basi, na nilipita na gari langu upande wa pili wa barabara.

Shafina hakuacha kazi, ingawa nilidhani ataacha. Alichofanya ni kuacha kuniita bosi. Siku moja mwezi wa Februari nilimwuliza kwa nini hakusema kitu siku ile mzee alipokuja kudai karatasi.

"Nina watoto wawili na kodi," akasema. "Wewe ulikuwa na nini?"

Nyumba yangu imelipiwa. Duka lingeweza kuishi bila mkataba ule. Ningebana mwaka mmoja, labda miwili. Nilimuuza mzee nikiwa na shibe, na hilo ndilo linaloniuma kuliko lingine lolote: hata sikuwa na njaa.

Nilikwenda Thorncliffe mwanzoni mwa Machi, saa nne asubuhi, saa ambayo nilijua binti yake Sabreen yuko kazini benki. Nilitaka nisionekane na mtu mwingine. Mzee akafungua mlango, akaiona bahasha ya khaki, akanikaribisha ndani. Hakuuliza nilipoipata. Alikaa mezani, akazitoa karatasi, akazihesabu mpaka kumi na mbili. Kisha akausoma ukurasa wa tembo kuanzia juu hadi chini, kidole kikifuata mistari, mimi nimekaa mbele yake na koti langu mwilini.

"Zilikuwa wapi?"

"Kwenye droo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipozileta."

"Na siku nilipokuja?"

"Zilikuwa chini ya mkono wangu."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea taarifa ya kreti.

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Mkataba."

"Wa muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Ni mkubwa," akasema, na hakuwa akinidhihaki. Ndivyo alivyokuwa, ukimwambia jambo alilipima. "Na umeniletea ili nikwambie nini?"

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba nitamchapia kitabu chake chote bure, kurasa zote, rangi zote tatu, nakala mia mbili. Nilikuwa nimeipanga ofa hiyo njiani. Ilikuwa ofa nzuri.

"Sikiliza, baba," akasema. "Hiyo ni bei. Mimi sikuuzii radhi yangu, na kitabu changu hakitatoka kwenye mashine yako. Radhi utaipata siku ikija yenyewe. Lililobaki ni kwamba uliwaambia watu jambo, na mpaka leo wanalo. Kama unataka kwenda kuwaambia, nenda. Lakini usiseme Roshanali amenituma, kwa sababu sikukutuma."

Hakunipa chai. Kwa watu wetu, mtu kukaa nyumbani kwako nusu saa na asipewe chai, hilo ni neno zima.

Nilikwenda kwa Mohamedraza siku ileile, dukani kwake, nyuma ya rafu za dawa. Nikamweleza yote, mistari mitatu, watawa, droo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja na kukunjua risiti.

"Mujtaba bhai," akasema, "Januari ulisema zimetupwa. Machi unasema ulikuwa nazo. Zote mbili nimezisikia kwa kinywa kimoja. Nishike ipi?"

"Hii ya leo."

"Hata siku ile ulisema hivyohivyo, bila kupepesa."

Alimpigia Bi Nazira palepale. Kwenye kikao cha Aprili Bi Nazira akaongeza mstari kwenye kumbukumbu, chini ya ule wa kwanza, kwamba Mujtaba amesema tena, kinyume na alivyosema. Mistari yote miwili ipo. Bi Nazira alikwenda mwenyewe Thorncliffe, akakaa na zile karatasi mchana mzima, na akamwandikia mzee barua ya radhi kwa mkono wake. Lakini injinia alikuwa ameshaanza na watoto ishirini na wawili, na wazazi walikuwa wameshanunua vifaa. Kamati ikampa Mzee Roshanali Jumamosi moja, saa moja, mwezi wa Mei, kama mgeni. Akaikataa. Alijibu kwa barua fupi kwamba kwa saa moja hataweza hata kuwamaliza waliosema juu ya tembo, na kwamba hataki watoto waende nyumbani na nusu.

Mkataba ninao. Mohamedraza hakuuvunja, ni mfanyabiashara, na bei yangu ni nzuri. Ila sasa kila kazi yake huja na watu wawili, mmoja anasoma prufu, yaani nakala ya majaribio, na mwingine anasoma baada yake, wote wanatia sahihi, na mimi sitakiwi kusema lolote katikati. Wateja wengine wamesikia nao wameanza kuomba hivyohivyo. Kwa miaka ishirini watu wetu walinipigia simu tu, wakaniambia, chapa, na nikachapa. Mzee Roshanali amefikisha miaka themanini. Karatasi zake kumi na mbili anazo, hazikupotea hata moja, na hakuna mtoto aliyewahi kumwita mwalimu.